Kilichokuwa Ndani ya Glavu Zangu

Nilivua glavu, na kidole changu kikaja nayo.

Si kidole chote, msishtuke. Ni ngozi yake. Ile ya juu, kuanzia kwenye ukucha hadi karibu na kiganja, ilivuka nzima nzima ikabaki ndani ya mpira kama soksi ya mtoto. Chini yake palikuwa pekundu, pamelowa, panatoa majimaji ya njano.

Nikanusa. Sijui nilinusa kwa nini, lakini nilinusa, na hapo hapo nikatapika kwenye sinki.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ni kuosha vidonda vya watu. Nimetoa funza kwenye mguu wa mtu huku nikimuuliza habari za wajukuu. Sijawahi kutapika kazini hata siku moja, ila siku hiyo, na kilichonitapisha ni mkono wangu mwenyewe.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana bila hivyo hamtanielewa.

Mimi ni mtu wa kinyaa.

Najua mnacheka. Muuguzi mwenye kinyaa ni sawa na fundi umeme anayeogopa waya. Lakini vidonda havikunipa shida kamwe, kidonda ni kazi. Walionitibua roho ni watu wazima wenye afya zao. Yule anayepiga chafya kiganjani kisha anakushika bega. Yule anayelamba kidole ili afunue faili. Kikombe cha pamoja cha chumba cha chai, chenye alama ya midomo ya mtu, kwangu kilikuwa sababu tosha ya kushinda na kiu.

Basi ulipokuja ule mlipuko wa ugonjwa, uongozi ukaagiza wauguzi wote tuvae barakoa, miwani na glavu jozi mbili zamu nzima. Wenzangu walilalamika hadi basi. Mimi nilifurahi. Hatimaye niliruhusiwa kutogusana na binadamu.

Mlipuko ukaisha. Wenzangu wakarudi kuvaa pale kazi inapodai. Mimi nikaendelea vile vile, glavu za kufungulia mlango, glavu za kupokelea simu, glavu za kuandikia. Wakanibandika jina, Glavu.

"Glavu, chai iko tayari."

Nakwenda na kikombe changu cha nyumbani, nakunywa nimesimama dirishani.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Napaka dawa ya kutakasa mikono, ile ya spiriti, nyingi. Sisubiri ikauke, navaa jozi ya kwanza mkono ukiwa bado mbichi. Juu yake jozi ya pili. Baada ya saa moja jasho limejaa humo ndani hadi nikiinua mkono nalisikia linateremka kuelekea kwenye kiwiko. Nikivua, naosha kwa maji ya klorini, yale ya kusafishia meza. Halafu naanza upya. Ilikuwa mara thelathini, arobaini kwa siku.

Ngozi gani ingevumilia hayo?

Ilianza kuwasha katikati ya vidole. Kisha vikatoka vipele vidogo vyenye maji, kisha vikapasuka. Viganja vikachanika kwenye mikunjo, nikikunja ngumi damu inachungulia. Usoni nako barakoa ilishaacha kidonda juu ya pua, na mashavu yamejaa chunusi za kijana wa shule. Nyuma ya masikio kamba zilinikata hadi pakawa na gamba. Kila jioni nikijitazama kwenye kioo nilisonya.

Nilipoona mikono inazidi kuharibika, mnajua nilifanya nini? Nikazidisha kuosha. Kwangu mimi kitu kinachotoa maji na harufu dawa yake ni klorini.

Mke wangu ndiye aliyegundua kwanza. Nilikuwa nimempakata mtoto wetu, ana miezi minne, akaja akasimama mbele yangu.

"Mikono yako ina nini?"

"Joto tu."

"Joto gani linanuka, baba watoto?"

Akamtoa mtoto mikononi mwangu polepole, vile mtu anavyomnyang'anya mtoto wembe. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikwenda chumbani, akarudi na kopo la mafuta ya mgando.

"Paka haya. Ni ya mtoto, hayana manukato. Na kesho mwonyeshe daktari."

"Sawa."

Mafuta nikapaka. Daktari sikumwonyesha.

Sababu yenyewe ni hii. Pale kwetu muuguzi mwenye kidonda mkononi haruhusiwi kugusa vidonda vya wagonjwa mpaka apone. Anahamishiwa kwenye mafaili. Hilo peke yake ningelimeza. Nisichoweza kumeza ni watu kujua. Mimi Glavu, ninayewakunjia uso wenzangu kwa kikombe, ndiye nina mikono inayovuja? Wangecheka mpaka wajukuu zao waje wasimuliwe.

Kwa hiyo nikaficha. Nikalibeba lile kopo mfukoni. Kabla ya kuvaa glavu nachota pande zima, napaka mpaka kwenye vifundo, ndiyo navaa. Jamani, raha niliyoipata siwezi kuieleza. Kuwasha kukapoa, glavu ikawa inaingia yenyewe. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja tukimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha miaka mingi na hajaacha. Ukiandika kwenye chati yake anakwambia mstari wako umepanda mlima. Alivunjika mguu chini ya goti, wakamfanyia upasuaji, na kidonda chake kilikuwa kizuri mno, kisafi, kinafunga vizuri. Aliwakataa wauguzi wengine.

"Huyu ndiye aguse mguu wangu," alimwambia Sista Mkuu, msimamizi wetu wa wodi, mbele ya watu. "Hawa wengine wana haraka. Huyu ana mikono misafi."

Ijumaa alikuwa aende nyumbani.

Jumatano nilifungua bandeji nikakuta chachi imelowa. Nilipoivuta ikaja na uzi wa usaha, mzito, wa njano inayoelekea kijani, na harufu ikatoka ikajaa kitanda kizima. Mwalimu aligeuza uso ukutani. Mimi nikaendelea kuosha huku nikimwambia ni kitu kidogo.

Hakikuwa kitu kidogo. Mpaka Jumatatu wagonjwa watatu wengine walikuwa hivyo hivyo. Homa, usaha, nyuzi zinaachia. Mguu wa Mwalimu ulifunguliwa tena, na daktari akaanza kusema maneno ambayo hakuna mtu mwenye mguu anapenda kuyasikia.

Sista Mkuu akatuita wote.

"Kuna mtu anatuchafulia wodi," akasema. "Nitampata."

Mimi nilikuwa nimeshampata.

Tulikuwa na msafishaji, mama wa makamo tuliyemwita Mama Deki. Ewe Mola. Huyo mama nilimchukia kwa pua. Mikono ya gauni lake ilikuwa imelowa muda wote. Alinuka tambara bichi. Alivuta kamasi. Glavu alizosugulia choo ndizo alizoshikia kitasa cha mlango, na kitasa hicho hicho ndicho nilichotarajiwa mimi nikishike. Akipita na ndoo yake nilikuwa nabana pumzi, na sikujali kama anaona.

Siku moja nilimwona anapiga deki wodini kwa deki ya chooni. Niliiona mara moja tu.

Nikaandika barua kurasa mbili. Nikaandika kwamba anafanya hivyo kila siku.

Hapo ndipo akaja mtu wa kuzuia maambukizi, tukimwita Bwana Vijidudu, na vipamba vyake vya kuchukulia vipimo. Akapangusa masinki, vitasa, meza, ndoo ya deki. Kisha akasema anataka na mikono yetu, mmoja mmoja, bila glavu. Zamu yangu ilipokaribia nikajifanya nimeitwa kitanda cha tisa. Kesho yake nikajifanya tumbo linauma. Nilimkwepa kama mdaiwa.

Majibu ya ndoo yakatangulia. Ndoo ilikuwa imejaa vijidudu. Ndoo ya deki, mlitegemea ijae nini? Lakini barua ilikuwepo, watu walikuwa na hasira, na familia ya Mwalimu ilikuwa inataka mtu wa kumlaumu. Kikao kikapangwa Alhamisi saa nne. Kila mtu alijua Mama Deki ataambiwa asirudi tena.

Asubuhi hiyo niliingia nikamkuta kwenye benchi nje ya stoo. Amekatazwa kuingia wodini. Kavaa nguo zake za kutokea, mkoba kauweka magotini, kaushika kwa mikono miwili. Nikapita nimebana pumzi kama kawaida.

Na asubuhi hiyo hiyo, saa tatu, ndipo nilipovua glavu na ngozi ikabaki ndani.

Nilipomaliza kutapika nilibaki na ile glavu mkononi. Kuitupa kama zile nyingine nilishindwa, ina ngozi ya kidole kizima ndani, mtu akiiona je? Nikafikiri niifue kwanza. Nikaiweka chini ya bomba, nikaijaza maji.

Maji yakaanza kutoka kwenye ncha za vidole. Yalitoka kama vijiuzi, vitano au sita.

Nikaitazama vizuri. Mpira ulikuwa umelegea, umevimba, unanata. Ukiuvuta haurudi. Nikachukua glavu mpya kwenye boksi, nikaijaza maji. Haikuvuja hata tone.

Nikaona labda ile ya kwanza ni mbovu ya kiwandani. Nikachukua nyingine mpya, nikaipaka mafuta ya mgando kwa ndani, nikaipikicha pikicha kama mtu anayefanya kazi, nikaiweka juu ya kisinia cha vifaa nikawa naitazama. Dakika ishirini baadaye ilikuwa imelegea vile vile. Nikaivuta, ikachanika kama karatasi iliyolowa. Nikajaribu na jozi mbili mkononi, mafuta ndani, kama ninavyovaa kazini. Ya juu nayo ikalegea.

Mafuta yanakula mpira. Kitu hicho tulifundishwa darasani mwaka wa kwanza, siku ambayo pengine nilikuwa naosha mikono.

Wiki ngapi nilikuwa natia mikono yangu kwenye vidonda vya watu, mikono iliyochanika, inayotoa usaha, ndani ya glavu zenye matundu? Bwana Vijidudu alikuwa anapangusa vitasa, na mimi ndiye nilikuwa napita kitanda hadi kitanda nikiwaambia pole.

Nikapaka mafuta tena, maana mikono ilikuwa inaungua. Nikavaa jozi mbili. Nikaenda kikaoni.

Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, dirisha limefungwa. Sista Mkuu, Bwana Vijidudu, mimi, na Mama Deki kwenye kiti cha karibu na mlango. Barua yangu ilikuwa katikati ya meza.

"Una la kusema?" Sista Mkuu akamuuliza.

"Ndoo ni yangu," akasema Mama Deki. "Na ile deki ya chooni nakiri. Mgonjwa alikuwa ametapika, deki ya wodini haikuwepo, nikachukua iliyokuwa karibu ili watu wasiteleze. Ilikuwa mara moja, Sista. Nisameheni."

"Barua inasema kila siku."

"Mara moja, Sista."

Sista Mkuu akanigeukia. "Glavu. Uliandika kila siku. Ni kweli?"

Sitawadanganya. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu zote. Mama anaondoka, mimi naacha mafuta, napona kimya kimya, wodi inatulia, kila mtu anaamini alikuwa ni yeye. Nani angejua?

Kabla sijafungua mdomo, Bwana Vijidudu akakunja pua.

"Kuna harufu humu," akasema, akainuka kufungua dirisha. Na alipokuwa anakaa akamtazama Mama Deki. Sista Mkuu naye akamtazama.

Harufu ilikuwa yangu. Nilikuwa naijua vizuri, nilitapika kwa sababu yake saa moja iliyopita.

Mama Deki akaona anatazamwa. Akainua mkono wa gauni lake, lile gauni lake la kutokea, akaunusa. Akanusa na kwapa, kwa siri, ameinamisha kichwa. Anajikagua. Kisha akakisogeza kiti chake nyuma kidogo, karibu na mlango, ili asitukere.

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile.

"Si yeye," nikasema.

"Si yeye nini?"

Nikavua glavu. Ya juu, kisha ya ndani. Ya ndani haikuvuka vizuri, ilinata, ikatoka vipande vipande pamoja na vilivyokuwa chini yake. Nikaweka mikono juu ya meza, juu ya barua yangu.

Sista Mkuu alisukuma kiti nyuma hadi kikagonga ukuta. Miaka yote aliyofanya kazi, akaziba mdomo. Bwana Vijidudu akafungua mkoba wake akatoa kipamba.

Majibu yalikuja siku tatu baadaye. Kijidudu kilichokuwa mikononi mwangu ndicho kilichokuwa kwenye mguu wa Mwalimu, na kwa wale wengine watatu. Kwenye ndoo hakikuwepo.

Lakini siku hiyo ya kikao, nilipotoka, nilimkuta Mama Deki ananisubiri koridoni. Nikajua anataka kunitukana, nikasimama nimsikilize, ilikuwa haki yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Inauma?"

"Inauma, mama."

"Nilijua inauma. Miezi miwili najua."

Sikuelewa.

"Pipa unalotupia glavu nani analimwaga?" akaniuliza. "Kila siku naokota glavu zako. Zina damu, zina ngozi, zinanuka. Nazitoa, nazifunga kwenye mfuko wake, naupeleka mwenyewe kabla wenzako hawajaona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani una ule ugonjwa ambao watu wanaficha. Nikajiambia, huyu mtoto wa watu ana kichanga nyumbani, nikifungua mdomo watamfukuza. Usidhani sikuona kinyaa. Kuna siku nilikuwa narudi nyumbani siwezi kula. Ila nilikuonea huruma."

Nilikaa kwenye lile benchi la nje ya stoo nikalia, mtu mzima, mikono nimeinyoosha mbele kwa sababu hata machozi sikuweza kujifuta.

Na nikiwa nalia, wazo jingine likanijia, baya zaidi. Angesema tangu mwanzo, Mwalimu angekuwa nyumbani. Mimi niliona aibu, yeye aliona huruma, na katikati yetu mguu wa mtu ukaoza.

Daktari wa ngozi alinipima dakika tano tu. Ukurutu, akasema, wa kuvaa glavu mikono ikiwa mbichi na kuosha kwa klorini, na juu yake mwili wangu haupatani na mpira. Akaniandikia dawa ya kupaka na glavu za aina nyingine. Jambo la dakika tano, nililificha miezi miwili. Nilikaa kwenye mafaili wiki nane na onyo kali la maandishi, na nashukuru haikuwa zaidi.

Mama Deki alirudi kazini Ijumaa, kesho yake ya kikao. Barua niliiomba, nikaichana mbele yake. Alinitazama tu akaendelea kupiga deki.

Mwalimu nilimwambia mwenyewe. Sista Mkuu alitaka kumwambia yeye, nikakataa. Nilisimama miguuni pa kitanda chake nikamweleza yote, mafuta, matundu, kila kitu. Hakunikatiza hata mara moja. Alipofunika mguu wake kwa shuka ndipo nilipojua amemaliza kunisikiliza.

Mguu haukukatwa. Alifanyiwa upasuaji mara mbili nyingine, akalala wiki saba zaidi, na kifundo cha mguu wake hakikunjiki tena sawasawa. Siku anatoka nilishuka hadi mlangoni kumuaga. Mikono yangu ilikuwa imepona, ngozi mpya, laini, ya rangi iliyopauka. Sikuvaa glavu. Nikamnyooshea mkono.

Akautazama.

Mtazamo ule naufahamu, nimewatazama watu hivyo maisha yangu yote. Midomo ikabana kidogo, pua ikasogea kidogo. Kisha Mwalimu akahamisha fimbo yake kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, ili mkono wa kulia uwe na kazi.

"Wasalimie nyumbani," akasema, akatoka akichechemea.

Kwa wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, na wasafishaji, na watu wa maabara, na yeyote anayeshinda ndani ya mpira na barakoa. Ngozi yenu ikianza kuwasha, mwonyesheni mtu siku hiyo hiyo. Acheni mikono ikauke kabla ya kuvaa. Na mkimwona mwenzenu anaficha mikono, mwambieni, hata kama akikasirika.

Mimi niliogopa kuwatia watu kinyaa, nikaishia kuwatia usaha.